Mwongozo Kamili wa Kuonja Vyakula vya Forodhani Usiku wa Sauti za Busara

Kila Februari, tamasha la muziki la Sauti za Busara linapomalizika, nakutana na watu watatu wenye malalamiko yale yale. Wa kwanza alikula piza mbili katika dakika kumi za mwanzo, akashiba, akabaki kuyatazama mabakuli ya urojo kwa macho. Wa pili aliambiwa "chagua tu, kaka", akachagua, kisha akatajiwa jumla iliyomlazimisha kukopa kwa mwenzake. Wa tatu alifanikiwa kuonja kila kitu, ila usiku uliofuata aliusikiliza muziki kwa mbali, akiwa chooni kwenye nyumba ya wageni.

Mwongozo huu ni wa hao watatu. Unahusu eneo moja tu, yaani Bustani ya Forodhani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambayo inatenganishwa na Ngome Kongwe, lilipo jukwaa kuu la tamasha, kwa upana wa barabara. Lengo letu ni kuonja vyakula sita au saba kwa usiku mmoja, kila kimoja kwa kiasi kidogo, kwa bei uliyoijua mapema, na kurudi ndani ya Ngome kabla wimbo wa tatu wa kundi unalolipenda haujaisha. Anayetaka kushiba tu hahitaji mwongozo. Sahani moja ya wali na samaki itamtosha.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kutoka

- Wenzako wawili. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote. Watu watatu wanaogawana kijiti kimoja cha chakula cha kuchoma wataonja mara tatu ya vyakula ambavyo mtu mmoja angeviweza.
- Noti ndogo ndogo za shilingi 1,000, 2,000 na 5,000, ziwekwe mfuko tofauti na pesa nyingine. Noti ya 10,000 mbele ya muuzaji asiye na chenji humpa sababu ya kukuongezea chakula usichokiomba.
- Chupa ya maji ya kunywa iliyofungwa, angalau lita moja kwa kila mtu. Februari ni msimu wa kaskazi, na joto la Unguja wakati huo halipoi kwa kuwa jua limezama.
- Kopo dogo lenye mfuniko, pamoja na uma au kijiko chako. Sahani za karatasi hulegea haraka zinapopata mchuzi.
- Sabuni ya maji au kitakasa mikono, na kitambaa.
- Mfuko wa nguo au kikapu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar, na Tanzania Bara pia tangu Juni 2019, kwa hiyo usitegemee kufungiwa chakula ndani yake.
- Pakiti mbili za ORS, yaani chumvichumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, kutoka duka la dawa, zikae chumbani.
- Dawa zako za mzio, kama unazo. Karanga, ufuta, kamba na kaa vyote vinapatikana Forodhani, na mara nyingi hupikwa juu ya moto mmoja.
- Nguo inayofunika mabega na magoti. Bustani ni mahali pa familia za Unguja, na wenyeji waliotoka na watoto wao kupunga upepo ni wengi kuliko watu wa tamasha.

## Hatua ya 1: Kula kidogo mchana, usije na njaa kali

Wengi hujinyima chakula mchana kutwa wakidhani wanatunza nafasi tumboni, lakini mtu mwenye njaa kali huwa hachagui, na atasimama kwenye meza ya kwanza yenye moshi mzuri na kumalizia hapo. Kula kitu chepesi saa tisa au saa kumi alasiri, kama vile mkate na chai, maandazi mawili au matunda. Ukifika Bustanini huku unaweza kuzungumza dakika kumi bila kutazama sahani ya mtu mwingine, uko tayari.

Iwapo tamasha limeangukia karibu na Ramadhani, angalia kalenda kwanza. Wakati wa mfungo mji hubadilika kabisa, na kula barabarani mchana ni utovu wa adabu hata kwa asiyefunga.

## Hatua ya 2: Fika kabla ya Magharibi na uzunguke bila kununua

Mwezi wa Februari jua huzama Unguja karibu saa moja kasorobo. Fika saa kumi na mbili na robo. Utawakuta vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani huku watu wakiwapigia makofi, na nyuma yao wauzaji wakipanga meza, wakipepea makaa na kukata vitunguu. Huu ndio wakati ambao macho yako yatakusaidia kuliko ulimi.

Zunguka Bustani nzima mara moja, mikono nyuma. Tazama mambo manne: nani anatoa samaki wake kwenye sanduku la barafu sasa hivi, na nani amewaacha mezani mpaka wamekauka, nani ana ndoo ya maji safi na sabuni, nani anatumia kibanio kimoja kwa nyama mbichi na kwa nyama iliyoiva, na meza ipi wenyeji wenyewe wanasimama wakinunua chakula cha kupeleka nyumbani. Jambo la nne hupita yote. Mama wa Kiunguja aliyetumwa mishikaki na watoto wake hawezi kurudi mara ya pili kwa muuzaji aliyemharibia.

Utaitwa kila hatua. "Karibu, karibu, angalia tu!" Jibu kwa upole: "Ahsante kaka, nazunguka kwanza, nitarudi." Usiahidi kurudi kwa kila mtu, kwa sababu wauzaji wana kumbukumbu nzuri na Bustani si kubwa. Akijitokeza papasi, yaani kijana anayewawinda wageni ili awaongoze kwa malipo, akitaka kukupeleka kwenye meza "ya ndugu yake", mshukuru na uendelee na safari yako. Malipo ya kuongozwa huingizwa kwenye bei ya chakula.

Umefanikiwa katika hatua hii kama, ukirudi ulikoanzia, unaweza kutaja meza tatu utakazonunua na moja ambayo hutaigusa.

## Hatua ya 3: Patana bei kabla chakula hakijagusa moto

Hapa nina kisa changu mwenyewe. Mwaka mmoja nilisimama kwenye meza yenye taa nyingi, nikaambiwa nichague, nami nikawa nanyoosha kidole kama mtoto dukani: hiki, na kile, na kile kikubwa. Kila nilichokionyesha kilikwenda motoni papo hapo. Sahani ilipokuja niligundua kwamba kile nilichokidhani kuwa kijiti kimoja kilihesabiwa kuwa viwili, mkate niliowekewa bila kuuomba ulikuwa na bei yake, na hata kachumbari pia. Nililipa, kwa kuwa chakula kilichokwisha kuchomwa hakirudishwi mezani. Muuzaji hakunidanganya kwa neno lolote. Mimi ndiye sikuuliza.

Tangu siku hiyo huuliza maswali haya matatu, kwa mfululizo huu:

1. "Kijiti kimoja shilingi ngapi?" Taja kijiti au kipande, usiulize bei ya "sahani", kwa sababu sahani haina ukubwa maalumu.
2. "Bei hiyo ni pamoja na nini?" Hapo ndipo mkate, chipsi za muhogo na kachumbari hujitokeza.
3. "Kwa hiyo vijiti vitatu ni jumla ya shilingi ngapi?" Mwache aitaje jumla yeye mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wenzako.

Lipa kabla ya kupokea au mara tu unapopokea, na chenji uihesabu ukiwa bado umesimama hapo. Wageni kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hudhani kwamba Kiswahili chao kinatosha kuwalinda. Kinasaidia, lakini lafudhi husikika, na mtu anayeuliza bei kwa Kiswahili fasaha baada ya kula hulipa sawasawa na asiyejua hata neno moja.

Kupatana bei kunakubalika, ila kwa kiasi. Muuzaji akikupunguzia kidogo, chukua. Ukibishana dakika tano kwa ajili ya kijiti kimoja wakati ngoma zinaanza upande wa pili wa barabara, umepata hasara.

## Hatua ya 4: Anza na vya baharini, tena kwa macho

Vya baharini vianze kwa sababu mbili. Kwanza, ndivyo vinavyoharibika upesi, na kila saa inayopita mezani inawaongezea vijidudu muda wa kuzaliana. Pili, ladha yake ni laini, na ulimi uliokwisha kupigwa na pilipili ya urojo hautaitambua.

Jifunze kusoma rangi. Kamba mbichi ana rangi ya kijivu na mwili wake unapitisha mwanga kidogo. Hugeuka waridi pale tu anapopata moto. Kwa hiyo, ukimkuta kamba wa waridi amelala mezani, ujue amekwisha kupikwa, na utakachopewa ni cha kupashwa moto. Ngisi naye mbichi hung'aa, akiiva anakuwa mweupe kama tui. Ukiona meza nzima ni ya waridi na nyeupe, hiyo ni meza ya vyakula vilivyopikwa mchana, na swali la kuuliza ni saa ngapi.

Pweza ni kesi tofauti. Lazima achemshwe kwanza, la sivyo hatafuniki, hivyo kumkuta amejikunja na kuwa na rangi ya zambarau si kasoro. Muulize muuzaji waziwazi: "Huyu kachemshwa leo saa ngapi?" Anayejibu haraka na bila kuudhika kwa kawaida ana jibu la kweli. Anayecheka na kusema "kaka, kila kitu hapa ni freshi" hajakujibu.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida, kwa kuwa vijidudu huzaliana vizuri kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Usiku wa Februari Forodhani uko katikati kabisa ya kipimo hicho. Ndiyo maana kijiti cha saa moja na nusu usiku na kijiti kile kile cha saa tano usiku ni vyakula viwili tofauti, hata kama vinafanana.

Kwa kambakoche, ushauri wangu ni mfupi: mwache. Ni ghali, hununuliwa na wachache, na kwa hiyo ndiye anayekaa mezani muda mrefu kuliko wote akisubiri mtu wa kumpiga picha.

Kuhusu jodari na nguru, kuna hatari moja ambayo moto hauiondoi. Samaki wa jamii hii wakikosa barafu baada ya kuvuliwa, nyama yao hutengeneza histamini, na histamini haiharibiki kwa kuchomwa. Ukitafuna kipande kikakuwasha ulimi kama pilipili ilhali hakikutiwa pilipili, kiteme. Uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma na ngozi kuwasha ndani ya saa moja ni dalili za sumu hiyo, na anayeanza kubanwa pumzi apelekwe hospitali mara moja.

Sasa agiza. Kwa watu watatu, chukueni kijiti kimoja cha pweza, kimoja cha ngisi au kamba, na kipande kimoja cha samaki. Mwombe muuzaji avikate vipande na avipashe mpaka katikati patoe moshi. Simama hapo hapo utazame. Usiende kukaa ukangoja uletewe, kwa maana kijiti kilichochaguliwa na kijiti kilichofika huwa si kimoja kila mara. Kamulia ndimu kwa mkono wako.

Utajua umepata kitu kizuri pale meno yanapopenya nyama ya pweza kwa kusukuma kidogo tu, kisha nyama ikaachia. Ikivutika kama mpira, hakuchemshwa vya kutosha. Ikimong'onyoka kama muhogo uliolala, amechemshwa na kupashwa mara nyingi mno. Paka wa Forodhani, ambao watakuwa wamekwisha kukaa miguuni pako, hula wa aina zote mbili, kwa hiyo usiwatumie kama wakaguzi.

## Hatua ya 5: Urojo, bakuli moja kwa watu wawili

Kama tumbo lako lina nafasi ya kitu kimoja tu usiku huo, basi kiwe urojo, si piza. Najua wengi watanipinga. Lakini piza ya Forodhani unaweza kuieleza kwa mtu akaielewa, ilhali urojo hauelezeki mpaka umeunywa.

Chuzi lenyewe ni unga wa ngano uliokorogwa katika maji, ukatiwa manjano na chumvi, na uchachu wa embe bichi, ndimu au ukwaju. Linapaswa kuwa jepesi, la kutiririka kutoka kwenye upawa, si zito kama uji. Ndani yake muuzaji hutia mbatata za kuchemsha, bajia, kachori, vipande vya mshikaki, na yai ukitaka. Juu hunyunyiza chipsi za muhogo zilizovunjwavunjwa, kisha chatini ya nazi na pilipili.

Tazama sufuria kabla ya kuagiza. Chuzi liwe juu ya moto na lifuke mvuke, kwa sababu chuzi vuguvugu lenye wanga ni mahali pazuri pa vijidudu. Chatini ya nazi iangalie kwa makini zaidi: nazi iliyokunwa huchacha upesi kwenye joto, na uchachu wake hujificha ndani ya uchachu wa chuzi, kwa hiyo hutaugundua ukishachanganywa. Omba uonjeshwe chatini peke yake kwenye ncha ya kijiko. Ikiwa na povu au harufu ya pombe ya mnazi, sema "bila chatini, tafadhali", na bakuli litabaki zuri.

Pilipili iombwe pembeni. Muuzaji akikuuliza "pilipili kidogo?", kidogo yake ni kipimo cha Unguja.

Bakuli likifika, usikoroge. Wengi hukoroga, na ndani ya dakika moja chipsi za muhogo zimelowa na bajia zimegeuka kuwa rojo. Chota kutoka pembeni ukielekea katikati, kila kijiko kipate kitu kimoja kigumu na chuzi kidogo. Kijiko cha kwanza kikupe uchachu mwanzo, chumvi na manjano baadaye, na ukali wa pilipili uje mwisho kabisa, ukiwa umekwisha kumeza. Ukisikia pilipili kwanza, imezidi. Ongeza chuzi, usiongeze maji ya kunywa.

Bakuli moja kwa wawili linatosha, kwani mbatata na bajia hujaza tumbo kimyakimya.

## Hatua ya 6: Piza moja kwa watatu

Sasa unaweza kwenda kwenye piza, na kwenda huko ni sawa na kwenda kwenye onyesho la pili. Muuzaji huchukua donge la unga lililolowekwa kwenye mafuta, hulikandamiza na kulivuta kwa kiganja juu ya meza mpaka liwe jembamba kama karatasi, kisha huweka kipande kidogo cha pili katikati ili lisipasuke. Katika bakuli huchanganya nyama ya kusaga, vitunguu na pilipili hoho, huvunjia yai, hutia jibini na mayonesi, huumwaga mchanganyiko huo katikati, hukunja pande nne kuwa bahasha ya mraba, na kuigeuza juu ya chuma chenye samli.

Kosa kubwa hapa ni haraka, ya muuzaji na ya mnunuzi pia. Foleni ikiwa ndefu, bahasha huondolewa motoni nje ikiwa imepata rangi huku yai la ndani likiwa bado maji. Sema mapema: "Iive sana, sina haraka." Akikukatia, fungua kipande cha katikati kwanza. Yai liwe limeshikana, na nyama iwe ya kahawia, isiwe na wekundu wowote. Ikiwa ndani ni maji, irudishe. Kuirudisha kwenye chuma hakumgharimu kitu, na wauzaji wazuri huirudisha bila neno. Uliza pia kama nyama ya kusaga ilipikwa kabla au inaingia mbichi, kwa sababu nyama mbichi inahitaji muda mrefu zaidi motoni. Na kama mayonesi imekaa wazi mezani tangu jioni, agiza piza isiyo na mayonesi.

Asiyekula nyama aombe ya mboga na yai, ila ajue kwamba chuma ni kile kile. Ya ndizi na chokoleti ipo pia, na watoto huipenda. Mimi huiacha kwa ajili ya usiku wa mwisho.

Mtu mmoja anayemaliza piza nzima amemaliza na kazi ya kuonja kwa usiku huo. Gawaneni.

## Hatua ya 7: Vinywaji

Juisi ya miwa hukamuliwa mbele yako, muwa ukipitishwa kwenye mashine pamoja na ndimu na tangawizi. Iombe bila barafu, kwa kuwa hujui maji ya barafu yametoka wapi, na hakikisha gilasi inaoshwa kwa maji yanayomwagwa, si kwa kuchovywa kwenye ndoo iliyochovywa gilasi hamsini. Kopo lako ulilokuja nalo linamaliza tatizo hilo.

Bustanini hakuna pombe. Ukinunua bia ndani ya eneo la tamasha, inywee huko huko. Kuvuka barabara na chupa mkononi hadi katikati ya familia zinazokula ni kuwavunjia heshima waliokukaribisha.

## Hatua ya 8: Panga mlo kulingana na jukwaa

Hapa ndipo watu hushindwa hata wakiwa wamechagua vizuri. Kundi moja linapomaliza kupiga, watu huvuka barabara kwa pamoja, na ndani ya dakika tano kila meza ina foleni. Wauzaji huongeza kasi, makaa hayajashika vizuri, na vijiti hutoka vikiwa vimeungua nje na baridi ndani.

Kwa hiyo kula kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni mara baada ya Magharibi, moto ukiwa mpya: vya baharini na urojo. Awamu ya pili, yaani piza na juisi, iwe katikati ya onyesho la kundi usilolijali sana. Chukua ratiba ya tamasha mchana, weka alama kwenye makundi mawili ambayo hutaki kuyakosa, na hesabu dakika arobaini za kutoka, kula, kunawa na kurudi.

Kabla ya kutoka Ngome Kongwe uliza mlangoni maswali mawili: kama utaruhusiwa kuingia tena kwa kibali ulichonacho, na kama unaweza kuingia na chakula. Usitegemee majibu ya mwaka uliopita.

Katika msongamano, simu na pochi vikae mfuko wa mbele. Kula ukiwa umeketi ukutani kuelekea bahari, sahani ikiwa mapajani. Anayekula akitembea gizani kati ya watu na majiko ya mkaa humwagikiwa, au huungua.

Malizia kwa kahawa chungu. Muuzaji humimina kwenye kikombe kidogo cha kushikwa kwa vidole viwili, na kipande cha kashata kando yake kinaikata. Kahawa iliyochemka ndicho kinywaji salama kuliko vyote vya Bustani hiyo, na ina faida ya kukufikisha usiku wa manane ukiwa macho.

## Hatua ya 9: Asubuhi yake

Tumbo likinguruma kidogo, hiyo ni samli. Ukiharisha, anza mara moja kunywa ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji safi, kidogo kidogo na mfululizo. Ukikosa pakiti, changanya vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Usizidishe chumvi kwa kudhani ndiyo dawa; ikizidi inadhuru, hasa kwa watoto.

Usimeze dawa ya kufunga tumbo ukiwa na homa au damu kwenye choo. Damu, homa kali, kutapika kusikokoma, au kuharisha maji meupe kama ya mchele ni sababu za kwenda hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja tamasha liishe.

## Hatua ya 10: Usiku wa pili

Rudi kwenye meza mbili zilizokufurahisha na uongeze moja mpya tu. Hatua ya 2 utaifanya kwa dakika tano, maana sasa unaijua Bustani. Msalimie muuzaji kabla ya kuuliza bei, na mwambie pweza wake wa jana alikuwa laini. Aliyemfanya vile huwa anajua kwa nini, na kwa mteja wa namna hiyo, kijiti hakitoki tena kwenye safu ya mbele iliyopangwa kwa ajili ya kamera. Muuzaji huinama, akafungua sanduku la barafu chini ya meza.